Nyoka Mwenye Mikono

Kwa karibu miaka thelathini nimelipwa kwa kutazama chini. Mke wangu husema hata kanisani natembea kama mtu aliyedondosha sindano, nami simbishii. Ninyi mnaobaki na ghala la chupa za mijusi pale nyuma ya ofisi mmeniomba niandike niliyoyajua kabla sijayasahau. Vyeo vyangu viko kwenye faili, ni vichache, mtavisoma kwa pumzi moja. Mimi nitawaandikia habari za mijusi, na hasa za mmoja, kwa sababu huyo mmoja nusura aondoke na kazi yetu yote. Badala yake alitupa ushindi ambao nikiukumbuka nanyoosha shingo, hata kwa umri huu.

Nilianza wakati reli ya Kamina ilikuwa ngeni na mataruma yake bado yananuka lami. Daktari wa wafanyakazi wa reli alitafuta mtu wa kufagia bustani yake. Daktari huyo watu walimwita Bwana Lineti, yaani Bwana Miwani, kwa ajili ya vioo vyake vinene. Nilikuwa na afya, nilijua kusoma na kuandika kwa mapadri, na ufagio nilikuwa nao wangu mwenyewe, kwa hiyo nilichukuliwa. Hakuna aliyeniambia kwamba Bwana Lineti, akimaliza kupima homa za watu, alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe: alipenda kila kitu kinachotambaa.

Asubuhi ya kwanza nilimwona mjusi amejinyoosha juu ya ukuta wa mawe, anaota jua. Alikuwa wa kahawia, mwenye mistari myembamba kutoka machoni mpaka kiunoni, anang'aa kama aliyepakwa mafuta ya mawese. Nikasikia kwa jirani kwamba bwana anawapenda hawa. Nikataka sifa siku ileile. Nilinyata nyuma yake nikamrukia kwa kiganja. Nilipofunua mkono, nilikuwa nimeshika mkia peke yake, nao unacheza. Nilipiga kelele nikautupa kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Barazani kulikuwa na mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe, amekaa kwenye kigoda, anafunga chupa kwa nta. Alicheka mpaka nta ikapoa.

"Weye uko na mukia," akasema. "Mujusi iko wapi?"

"Imekimbia, Papa," nikajibu, kama tunavyomwita mtu mzima kwetu.

"Ehe. Basi mupelekee bwana mukia, umwambie mujusi atakuya kesho."

Huyo alikuwa Salumu, fundi wa chupa wa Bwana Lineti, na ndiye aliyenifanya niwe mtu. Watu wake walitoka Maniema zamani na misafara ya biashara. Ndugu zake wote walikuwa na maduka ya vitambaa na chumvi sokoni, naye pekee aliona kwamba kitambaa hakina siri ya kutosha. Aliniomba kwa bwana wiki ileile. Ufagio wangu akaubakiza, akisema utatufaa.

Somo lake la kwanza lilihusu mkono. Kila mtu humfuata mjusi kwa nyuma, na mjusi humwachia kila mtu mkia. Salumu aliweka kopo la tumbaku lililo wazi mbele ya mjusi, hatua mbili, chini ya kivuli. Kisha akauleta mkono wake kwa nyuma polepole, bila nia ya kukamata. Mjusi aliukimbia mkono, akaona giza la kopo, akaingia mwenyewe. Salumu akafunika. "Usimukamate," aliniambia. "Mufanye akimbie mahali weye unapenda." Ilinichukua miezi miwili na mikia kumi na minne. Mikia hiyo Salumu aliihesabu kwa sauti, mbele za watu.

Wageni kazini huchanganya mijusi, kwa hiyo naandika wazi. Yule mkubwa mwenye kichwa cha rangi anayeinua kifua na kushusha juu ya jiwe kama anayefanya mazoezi ya askari, siye. Yule laini mwenye macho makubwa anayetembea darini na kulia kama anayegonga ulimi, siye. Wetu hana shingo ya kuonekana, kichwa kimeungana na mwili. Magamba yake yamelala kama ya samaki, na akipita kwenye jua utadhani amelowa. Kina Salumu walimwita mjusi Islamu, kwa sababu, alisema, daima anaonekana kama aliyetoka kutawadha sasa hivi. Nami niliyebatizwa nilikubali jina hilo bila ugomvi, maana kwa usafi mjusi yule alitushinda sote.

Kwa habari ya mahali pa kumtafuta: kuta za mawe asubuhi baada ya jua kupanda kidogo, mawe ya kando ya reli, magogo yaliyooza, vichuguu vilivyohamwa, maganda ya karanga yaliyotupwa shambani. Bustani ni bora kuliko pori, na hili wazungu wachache wanalijua. Mjusi anapenda mahali ambapo mtu analima na kuacha takataka. Vifaa ni vichache: kopo, kipande cha kioo cha kupeleka jua ndani ya shimo, shuka jeupe la kutandika chini ya takataka ili kila kinachotoka kionekane, na ufagio. Juu ya ufagio Salumu alikuwa amesema kweli. Fagia vumbi jioni ukarudi asubuhi, na ardhi itakuwa imekuandikia nani alipita, kwa miguu mingapi, na kama aliburuta tumbo.

Kazi hii ina aibu zake. Siku moja nililala kifudifudi kando ya reli karibu na stesheni, kopo mkononi, nikimngoja mwenye mistari atoke kwenye mawe. Polisi akanikamata kwa wizi wa boliti. Nilimwambia ndani ya kopo mna mjusi. Akasema wezi wote wana hadithi, akafungua. Mjusi akaingia kwenye mkono wa shati lake akatokea shingoni. Nililala mahabusu mpaka Bwana Lineti alipokuja kunitoa, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mjusi alikuwa bado na mkia.

Salumu alisoma herufi za Kurani, za kizungu hakuzijua. Kwa hiyo yeye aliona, mimi niliandika. Tulipiga mistari kwenye daftari: namba ya chupa, mahali, saa, hali ya jua, alikuwa anafanya nini, na mwisho, aliyeona. Huo mstari wa mwisho ulikuwa wake. Bwana Lineti alisema hauna haja. Salumu akajibu, kwa adabu yote, kwamba mjusi bila shahidi ni mjusi wa mdomoni tu, na mstari ukabaki. Chupa zetu zilikuwa na namba peke yake. Bila daftari, chupa ilikuwa mjusi mfu ndani ya maji makali, ametoka popote.

Nyoka mwenye mikono aliingia kwenye daftari mwaka wangu wa nne. Tulikuwa kwenye barabara ya Kabongo, kijiji kimoja mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kamina, pembeni ya bonde lenye majimaji. Mkulima alikuwa ameua nyoka kwa jembe. Nyoka huyo alikuwa mwembamba, wa rangi ya majani makavu, urefu wa kutoka kiganja mpaka kwapani. Salumu aliinama, akamgeuza kwa kijiti. Kisha akaniita kwa kidole. Ubavuni, nyuma ya kichwa, palikuwa na vijikono viwili vyembamba kama njiti za kiberiti, vimelazwa ndani ya magamba. Na chini huko, viwili vingine. Magamba yaling'aa yaleyale.

"Huyu iko wetu," Salumu akasema. "Islamu mwenye kuvaa nguo ya nyoka."

Nikaandika kama tulivyoona: nyoka mwenye miguu minne. Ndiyo, ningeweza kuandika vizuri zaidi. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha huandika kama anavyosema.

Tulimtia kwenye chupa. Halafu vita vikaja huko Ulaya na yale maji makali ya kutia kwenye chupa yakakosekana. Tukanunua lutuku, pombe kali ya kuchemsha kijijini, ambayo ilikatazwa lakini ilipatikana kuliko chumvi. Salumu hakugusa kileo, hata cha mijusi, mimi ndiye niliyemimina. Mwezi mmoja baadaye tulikuta chupa kumi na moja zimekauka na mlinzi amelala mlangoni ana furaha. Mijusi wote wa rafu ile walioza, na nyoka wetu akiwa mmoja wao. Salumu aliinua chupa moja kwenye mwanga. "Amekunywa mayi, ameacha nyama," akasema. "Iko na adabu kidogo." Lakini zile chupa aliziosha mwenyewe, moja moja.

Baada ya hapo tulimwona akiwa hai mara tatu, daima kwenye bonde lile, na mara tatu alitupotea majanini. Akikimbia hukunja mikono na kuwa nyoka mtupu. Bwana Lineti alirudi kwao, chupa zikahamia ofisini, na Salumu akaanza kukohoa. Siku za mwisho nilimtembelea kwa nduguze. Aliniuliza, "Kaye iko wapi?" Nikamwambia kaye zote, yaani madaftari yetu, ziko kabatini, ufunguo ninao. Akasema vema, akageukia ukuta. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, wala sikujificha.

Ilipoanza kujengwa Base, kambi kubwa ya askari nje ya mji, nilitembea miezi mbele ya mashine za kusukuma udongo, nikitoa mijusi kwenye vichuguu kabla havijasawazishwa. Waendesha mashine walinizoea, wakawa wanazima na kuningoja kama mtu anayevusha mbuzi barabara. Chupa mia na zaidi zilitoka pale, kila moja na namba yake. Nilizipenda kama nilizozaa mimi.

Ndipo akaja Profesere. Alitoka Ulaya kuchagua ni mkusanyo upi uende kwenye jumba kubwa la makumbusho ya wanyama na upi utupwe. Alikuwa mrefu, mwepesi wa hasira, mwenye elimu kubwa ya ndege. Juu ya mijusi alikuwa na haraka. Alikaa kwenye meza yangu siku mbili akisoma madaftari, na siku ya pili alasiri akaniita.

"Banza. Hii iko nini?" Kidole chake kilikuwa kwenye mwaka wangu wa nne.

"Ni mjusi, Profesere. Anafanana na nyoka."

"Umeandika nyoka. Nyoka mwenye miguu mine. Chupa yake iko wapi?"

Nikamweleza habari za lutuku na mlinzi. Hata mimi, nilivyojisikia nikisema, nilijiona mwongo.

"Na huyu shahidi? Salumu?"

"Amekufa."

Akavua miwani. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema mtu akitunga kitu kimoja kwenye daftari, hakuna wa kujua ni kipi kingine alichotunga. Alisema vitabu vyote sita haviaminiki, na chupa zisizo na kitabu hazina maana. Akavisukuma upande wa meza palipowekwa karatasi za kufungia vyombo.

Nilitazama madaftari yale. Nusu yake yalikuwa macho ya Salumu. Nikashikwa na hasira, na hasira ikanipa ulimi.

"Treni yako ni kesho saa nne," nikasema. "Nipe asubuhi. Nitakuonyesha akiwa hai. Nikishindwa, nitayachoma kwa mkono wangu."

Alinitazama kama anayemtazama ndege asiye kwenye kitabu. Akakubali.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo nyote wa huku mnalijua, lakini mwingine anaweza kusoma. Bonde lile liko nyuma ya lupango, yaani ua wenye uzio, wa mama mkwe wangu. Nilioa katika kijiji kilekile, na si kwa bahati, maana nilikuwa nikipita pale kila wiki nikitazama chini, mpaka siku moja nikatazama juu nikamwona Kabange. Kwetu mtu hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Hali naye, hasemi naye, hatamki jina lake. Akitokea njiani, unashuka majanini na kumpa mgongo, naye anakupa wake. Ndiyo heshima, na tulishikamana nayo vizuri miaka yote ile. Kwa hiyo bonde lenye mjusi wangu lilikuwa mahali ambapo niliweza kukaa tu wakati yeye hayupo, na alikuwepo karibu kila siku, akilima.

Nilimtuma Kabange jioni ile kwa baiskeli ya kaka yake. Ujumbe ulikuwa mfupi: kesho asubuhi nakuja na mzungu mkubwa kwenye majani ya bonde, naomba mama asiende shambani. Hapo ndipo nilipokosea, na ninyi mnaocheka mngekosea vilevile. Nilisema mzungu mkubwa anakuja. Sikusema majani yasiguswe.

Tulifika kwa gari la ofisi jua likiwa limepanda kidogo, saa nzuri kabisa. Nikaona moshi. Kijiji kizima kilikuwa kimeamka kabla ya kuku kwa ajili yetu. Njia ilikuwa imefagiwa, mawe yamepangwa pande zote mbili, na bonde, bonde langu lenye nyasi za kufika kiunoni, lilikuwa limefyekwa kutoka ukingo mpaka ukingo, nyasi zimekusanywa na kuchomwa. Wanawake walisimama wamevaa vitenge vyao vya Jumapili, mikono ina masizi, wanapiga vigelegele. Miaka yote mkubwa akija hukagua usafi. Walitaka mkwe wao asiaibike mbele ya mgeni.

Profesere alitazama majivu. "Iko wapi majani, Banza?"

Nilifikiri, Salumu, nimekuchoma mimi mwenyewe. Kabange alishika kichwa, akaanza kuwauliza wenzake nani aliyesema wafyeke, nao wakamjibu: ni mama yako aliyetupanga.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya uzio wa matete. Niliijua, ingawa haikuwahi kusema nami. Nikageuka upesi nikaupa uzio mgongo.

"Weye kuku!" sauti ikasema. "Acha kuchakura, sikia. Ule muntu mwenye kusimama pale na muzungu, anatafuta ile nyoka iko na mikono?"

Kuku hakujibu. Nikamtazama Kabange, naye ametoa macho.

"Kama njo ile anatafuta, umwambie vile: bamama balichoma majani yote, lundo moja tu njo nilikatala. Lile la pembeni ya mayi ya mihogo. Mule njo inazalaka. Haizalake mayai, inazalaka batoto bazima, kila mwaka mbele ya mvula. Minyi sipigake jembe kintu iko na mikono."

Nimesikia hotuba nyingi maishani, na bendi ya askari wa Base ikipiga siku za sikukuu. Hakuna kilichowahi kunipandisha moyo kama maneno yale aliyoambiwa kuku.

"Kuku," nikasema, bila kugeuka, "umushukuru mama sana. Umwambie nimesikia."

Kidimbwi cha kulowekea mihogo kilikuwa ukingoni mwa shamba, na kando yake palikuwa na lundo la nyasi kuukuu na maganda, limefika magotini, moto umepita pande zake zote. Nililizunguka kwanza. Vumbi lilikuwa limefagiwa usiku uliopita kwa ajili yetu, na juu ya vumbi, kutoka kwenye majivu mpaka kwenye lundo, palikuwa na mstari mmoja unaojipinda, na kando ya mstari, kama alama za ncha ya kalamu, nukta, nukta, nukta. Ufagio wa mama mkwe ulikuwa umeniandikia. Nilitaka kupiga yowe.

Nilitandika shuka upande wenye jua. Kopo nililiweka mwisho wa shuka chini ya kivuli cha kofia yangu. Kisha nikaanza kutoa nyasi kutoka upande wa pili, unyasi kwa unyasi, kama mtu anayechambua mchicha. Robo saa. Nusu saa. Akatoka nge, akatoka jongoo, akatoka mjusi mdogo wa mistari ambaye siku nyingine ningemfurahia. Kwa mbali treni ilikuwa imeanza kupiga filimbi kwenye stesheni.

Profesere alitoa saa mfukoni. "Bon. Imetosha," akasema, akapiga hatua kuelekea lundo.

"Simama!" nikamwambia.

Wakati ule mtu wa kwetu hakumwambia mzungu neno kama lile. Nililisema, na sikuliomba msamaha, wala leo siliombi. Naye akasimama, mguu mmoja hewani kama wale ndege wake.

Maana kichwa kilikuwa kimechomoza. Cha kahawia, laini, kinang'aa. Mwili ukafuata, ukazidi kufuata, unateleza kwenye shuka, nyoka kamili. Wanawake wakarudi nyuma. Profesere akasema kwa Kifaransa neno ambalo nililijua bila kufundishwa shuleni: nyoka tu.

Sikumshika. Mikono ya ujana wangu, ile ya mikia kumi na minne, ilinisihi nimrukie, nikaikatalia. Nilileta kiganja nyuma yake polepole, nikakiacha. Akaona kiganja, akaona kivuli mbele, na hakuwa na haja ya kukimbia. Akapunguza mwendo. Na mjusi huyu akitembea polepole hufunua. Kijikono cha kushoto kikatoka ubavuni, kikashika shuka. Kisha cha kulia. Kisha nyuma, viwili. Juu ya shuka jeupe, mchana kweupe, alitembea kwa miguu minne mpaka ndani ya kopo la Salumu, mkia wote nyuma yake, mzima mpaka ncha. Nikafunika.

Profesere alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya mihogo na suruali yake nyeupe. Aliomba kopo kwa mikono miwili. Alimtazama huyo kiumbe muda mrefu, akahesabu kwa kidole bila kumgusa: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akahesabu tena kutoka nyuma, kama mtu ambaye bado ana tumaini.

Treni ikapiga filimbi ya pili. Nilimkumbusha.

"Treni iende," akasema.

Ikaenda. Nyingine ilikuwa baada ya siku tatu, na siku hizo tatu alizitumia akiwa amekaa mezani kwangu, akisoma madaftari sita tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, safari hii akiniuliza. Aliyafunga mwenyewe katika sanduku la bati pamoja na chupa, kila namba na mstari wake. Alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, akasema alikuwa amekosea. Wengi wenu mmesikia habari hiyo, na wengine wameiongezea chumvi kwamba alilia. Hakulia. Alipenga kamasi.

Lakini kwa habari ya siku kubwa yenyewe, nawarudisha pale kidimbwini. Alikuwa angali na magoti chini alipotoa kalamu na kipande cha karatasi ya kufunga kwenye chupa. Akaandika Kamina, akaandika mahali, saa, jua. Kisha akasema, "Banza, ule mustari yenu ya mwisho. Aliyeona. Niandike weye na Salumu?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Salumu angestahili, na mimi nilitamani. Ndipo Kabange, aliyekuwa akiongea na mama yake juu ya uzio, akasema kwa sauti, "Mama anasemaka aliiona zamani, wakati minyi nilikuwa ningali mugongoni yake. Anasemaka miaka yote alikuwa anaona mukwe wake anapita na ule Papa wa kofia, banatafuta, banatafuta. Lakini nani angeuliza yeye?"

Hakuna aliyemwuliza. Miaka zaidi ya ishirini, mwonaji bora wa Kamina nzima alikuwa nyuma ya uzio wa matete, hatua thelathini kutoka nilipokuwa nikilala kifudifudi; kabla sijaoa sikufikiri kumwuliza, na baada ya kuoa adabu ya wote wawili ikatufunga midomo. Najua Salumu angefanya nini. Alisema yeye mwenyewe: mjusi bila shahidi.

"Andika mama mkwe wangu," nikamwambia Profesere.

"Jina lake?"

Jina lake sikuweza kulitaja, na hata hapa siliandiki. Nikamwita Kabange alitamke. Na kwa kuwa jina lilikuwa linatamkwa, na mwenye jina alikuwa anatoka langoni ili ashuhudie likiandikwa, nilifanya kama heshima inavyotaka: niligeuka, nikatazama barabara ya Kabongo. Nilisikia Kabange akilisema herufi kwa herufi. Nilisikia kalamu. Nilisikia vigelegele vikianza upya, na sauti moja ya mwanamke mzee ikicheka karibu kabisa na bega langu. Ushindi mkubwa kuliko wote wa kazi yangu ulitokea nyuma ya mgongo wangu, nami nilikuwa nimesimama wima, nimetazama mbele, kwa mara ya kwanza bila kutazama chini.